Kadena ya Kabati la Bunduki

Nilimpa binti yangu ufunguo wa kabati la bunduki kwa sababu sikutaka kuinuka kwenye kiti. Ndivyo ilivyokuwa, na sijapata namna nzuri zaidi ya kulisema, ingawa nimeitafuta kwa miaka. Watu wengine wakifanya upumbavu wana sababu ya maana: pombe, mwanamke, siasa. Sababu yangu mimi ilikuwa kiti.

Kilikuwa kiti kizuri, lakini. Cha mbao ya libuyu, chenye mto niliouvika kitambaa cha suruali, kikikaa kwenye barza, kibaraza cha mbele ya nyumba yetu pale Bunia, nyuma ya cherehani. Mimi ni fundi wa nguo. Nilisoma sekondari hadi mwaka wa nne, masomo yakakatika, na nikagundua kwamba Mungu amewahi kuumba kazi ambayo mtu anaifanya akiwa ameketi, nyumbani kwake, na ulimwengu unamjia wenyewe ukiwa na kitambaa mkononi. Wenzangu walikwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu, wengine wakashuka Kasenyi kuchuuza samaki. Mimi nilikwenda hadi kwenye ua wa miyenzi uliozunguka kiwanja chetu, nikarudi. Katika maisha yangu nimetoka Bunia kwa hiari yangu mara moja tu, na hata hiyo ilihitaji jirani aniambie neno kali kwanza.

Sasa mtu wa namna hiyo anafanya nini na bunduki? Kila mtu mtaani aliuliza hivyo. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba, ya kuwindia, yenye mtutu mmoja, na karatasi yake ya ruhusa aliipata tangu wakati wa Wabelgiji. Alipokufa, nilivaa abakosti, suti isiyo na tai, niliyoishona mwenyewe, nikaenda ofisi ya zone, kwa serikali, nikaomba ruhusa iandikwe jina langu. Waliandika. Masharti yalisomwa nikiwa nimesimama: bunduki ikae ndani ya kabati lenye kufuli, asiiguse mwingine, isiazimwe. Niliitikia kila sharti kama mtu anayeapa kanisani.

Kisha nikaiazimisha. Ilikuwa desturi: mwenye bunduki asiyewinda humpa mwindaji bunduki na kartushi, risasi zake, mwindaji anaingia porini upande wa Mambasa, akirudi wanagawana nyama. Mwindaji wangu alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyeongea. Alikuwa akirudi na mboloko, paa wadogo wa msituni, waliokaushwa kwa moshi, na mimi nilikuwa naketi kitini nikiwapokea kama niliyewaua mwenyewe.

"Fundi," majirani walikuwa wakinitania kutoka barabarani, "ile nyama uliipigaka na bunduki ao na sindano?"

"Sindano," nilikuwa nikijibu. "Kartushi iko bei."

Nilitaniwa na nilipenda kutaniwa. Lakini wageni wakija, macho yao yalikuwa yakienda kwenye kabati, na mimi nilikuwa nikiyaona. Nilivaa ufunguo wake shingoni, kwenye uzi mmoja na mita yangu ya kupimia. Kama ungenivua uzi ule ningebaki mtu wa kushona kaptula za shule tu.

Na kweli niliiogopa. Hiyo sikumwambia mtu. Aliyejua ni binti yangu mkubwa peke yake.

Alikuwa na miaka kumi na minne, akisoma kwa masista, mrefu kama mama yake, na mdomo aliurithi kwangu. Kusafisha bunduki ilikuwa kazi yangu kwa sheria na kazi yake kwa ukweli. Kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mifereji ambayo mimi nilikuwa nikiifanya kwa kuegemea jembe, nilikuwa nikivua uzi shingoni na kumrushia ufunguo. Yeye aliitoa, akaikalisha mapajani, akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta. Akimaliza, aliinua bunduki begani, mtutu ukaelekea miyenzi, akavuta kifyatulio: tak! Sauti ile niliipenda. Ilikuwa kama kazi imekwisha na wiki imefungwa kifungo.

"Jenerali," nilikuwa nikimwita.

"Papa," alikuwa akiniuliza, bila kucheka, "hii bunduki njo inakuogopaka, ao weye njo unaiogopaka?"

"Tunaheshimiana."

"Ah. Sawa weye na mama."

Mama yake, kutoka jikoni: "Nasikia!"

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja mjane. Mumewe alimwachia ng'ombe wachache, na maziwa yao ndiyo yaliyomweka mjini. Asubuhi alipita na chungu chake kichwani, na wateja walimjua kwa hatua. Maneno yake yalikuwa machache na mazito. Ng'ombe wake walikuwa wakipita njia yetu kwenda kunywa maji mtoni Nyamukau, na mmoja wao, jike jeusi lenye doa jeupe kifuani, alikuwa na tabia mbaya: alipenda nguo. Ng'ombe wengine hutafuta majani. Huyu alitafuta jasho la watu. Nilikuwa nikianika nguo juu ya miyenzi baada ya kuzinyunyizia maji, na yeye alikuwa akija, anachagua, anatafuna mkono wa shati huku akinitazama machoni.

Kila mara nilikuwa nikipiga kelele bila kuinuka: "Jenerali! Leta bunduki, tumalize huyu adui!" Na watoto walicheka, na binti yangu alikuja mbio na fimbo, akamfukuza. Ulikuwa mchezo wetu. Niliusema mara nyingi sana. Sasa nikifikiri, mtoto akiambiwa jambo kila wiki kwa kicheko, lini atajua kwamba si amri?

Wiki ile mwindaji alirudi Alhamisi. Alisimamisha baiskeli barabarani, akanipa mzigo wa nyama na bunduki, akapanda tena kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Alipokuwa anaondoka aligeuka.

"Fundi, utaangalia ndani!"

"Sawa," nilisema. Mdomo ulikuwa umejaa nyama tayari. Nilifikiri anazungumzia mzigo.

Hapana. Hiyo si kweli, na nimeahidi nafsi yangu kwamba hapa nitaandika kweli. Nilijua anazungumzia bunduki. Kuifungua na kuchungulia kulinitia hofu, nikasema nitafanya kesho, nikaifungia kabatini, na kesho yake nilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa abakosti ya bwana mmoja mkubwa wa ofisi, kitambaa cha kijivu alichokileta kutoka Kampala. Kufikia Jumamosi asubuhi, kabla ya salongo, nguo ilikuwa imekwisha, imebaki pasi. Niliianika juu ya miyenzi ili mikunjo ianguke. Niliketi. Nilikuwa na sindano mdomoni na kifungo mkononi nilipomwona yule mweusi mwenye doa. Alikuwa amekwisha kumeza kola.

Nilipiga kelele kweli safari hii. "Jenerali! Bunduki!" Binti yangu alitoka, akaona abakosti, akaona uso wangu.

"Ya kweli, Papa?"

Na mimi nilivua uzi shingoni, nikamrushia ufunguo. Nilitaka tu ng'ombe aogope. Nilitaka na mwenye ng'ombe aone mtutu, ajue anaishi karibu na nani. Nilitaka yote hayo bila kuacha kifungo.

Alifungua kadena, lile kufuli la kabati, akatoa bunduki, akatembea hadi kwenye miyenzi, akainua kama anavyoinua kila Jumamosi. Akavuta. Badala ya tak, dunia ilipasuka.

Moshi. Watoto waliolala chini. Mke wangu akitoka jikoni na mwiko, mdomo wazi, simsikii. Binti yangu alikuwa ameanguka matako chini na bunduki imemwangukia miguuni, naye akiitazama kama mbwa wa nyumbani aliyemng'ata. Ng'ombe alipiga hatua chache kurudi barabarani, akapiga magoti ya mbele, polepole, na kipande cha kijivu bado kikining'inia mdomoni.

Mama mjane alikuja akikimbia, chungu bado mkononi. Alipita ng'ombe wake bila kumtazama, akaingia kwetu.

"Mutoto amepona? Batoto bote bamepona?"

"Bote," mke wangu alisema.

Ndipo alipogeuka. Alimtazama jike lake kwa muda. Kisha akamtuma kijana mmoja akaite mchinjaji haraka, kabla halijakufa lenyewe na nyama ikaharibika. Mimi nilikuwa bado nimeketi. Naapa. Nilikuwa bado nimeketi.

Shefu wa mtaa alifika, akachukua bunduki mikononi mwake kama anayebeba mtoto wa mtu, akasema jandarme, wale askari, watakuja Jumatatu kuona mahali ilipokuwa inawekwa. Mjane alisema yeye hataki mambo ya leta, ya serikali. Jirani ni jirani, watakaa waongee. Shefu akamwambia ngombe ni yako, mama, lakini bunduki ni ya leta, na bunduki ikilia leta inasikia.

Jumapili baada ya misa alikuja shemeki yangu, ndugu wa mke wangu, karani wa tribinali, yaani mahakama. Alikuwa mtu mzuri na mwenye kupenda kueleza. Alikaa, akala kuku wetu, akaeleza.

"Sheria iko wazi, shemeki. Mutoto akiharibu kintu ya mutu, papa njo anajibu. Mutoto ni mudogo, hana kintu. Papa njo iko na mabega."

"Hata kama papa hakufanya kitu?"

"Hata vile. Isipokuwa papa aonyeshe asingeliweza kuzuia. Tuseme bunduki ilifungwa, mutoto akavunja, akaiba. Pale papa atafanya je? Lakini kama ni papa aliacha wazi…" Alinyonya mfupa. "Eh! Pale ni mbaya. Ngombe atalipa, ruhusa ya bunduki itakufa, na bale ba jandarme banaweza kumulaza kule ndani."

Hakunishauri kitu. Nataka hiyo ieleweke, kwa sababu baadaye nilijaribu sana kumtupia lawama. Alisema sheria kama ilivyo na akaaga. Miaka yangu minne ya sekondari ilinifaa siku ile tu: katika maneno yake yote nililishika moja. Isipokuwa.

Mvua ilianza mchana ule, mvua ile ya Bunia inayopiga mabati hadi watu ndani wanaongea kwa mikono. Niliona ni wakati wangu. Nilichukua kadena ile nzima, nikaifunga kabatini, nikachukua nyundo ya kupigia vifungo vya chuma, nikaanza kuipiga. Nilipiga mbao. Nilipiga kidole. Kadena ilibaki inanitazama.

"Papa."

Alikuwa amesimama mlangoni. Tangu jana yake hakuwa ameongea.

"Unafanya nini?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama shemeki. Nikasema yeye ni mtoto, leta haifungi mtoto, watamgombeza kidogo na itapita. Mimi nikifungwa, cherehani itanyamaza, na wadogo zake watakula nini? Yote yalikuwa kweli, moja moja. Ndiyo kazi yangu: kuchukua vipande vizuri na kuvishona viwe nguo ambayo haikuwepo.

"Basi bakiuliza nani alivunja?"

Nilimtazama tu.

Akaja, akanyoosha mkono. "Leta ile nyundo. Papa, hata nyundo hujue kushika."

Alipiga mara moja, kwa nguvu, chini ya upinde wa kadena, na ikafunguka ikaning'inia. Akanirudishia nyundo, kichwa chake kwanza, kama nilivyomfundisha kumpa mtu makasi. Akarudi jikoni kwa mama yake. Mke wangu alikuwa amesimama kule muda wote, akipeta maharage. Sauti ya ungo tu.

Siku ya tribinali nilivaa abakosti. Juje aliyehukumu alikuwa mtu wa kutoka Kisangani, alipenda Lingala na Kifaransa, na shemeki alimgeuzia maneno. Kadena, iliyochukuliwa na jandarme Jumatatu ile, ilikuwa mezani. Mjane aliketi mbele, kitambaa cheusi kichwani, miguu yake imejaa vumbi jekundu la njia.

"Bunduki ilikuwa inafungwa?"

"Ilikuwa inafungwa," nilisema. Kweli.

"Mutoto alikuomba ruhusa ya kuitumia?"

"Hakuniomba." Kweli; nilimpa kabla hajaomba.

"Hii kadena, nani aliivunja?"

Hilo aliulizwa binti yangu. Alikuwa na sare ya shule niliyomshonea mwenyewe, mikunjo yote imenyooka. Alimtazama juje, hakunitazama mimi.

"Ni miye."

"Na nini?"

"Na nyundo."

"Papa yako alikuwa anaona?"

Kama angesema ndiyo, ingekuwa kweli pia.

"Papa alikuwa na kazi," alisema.

Juje aliandika. Akasema baba alifanya linalompasa baba, mtoto alimshinda kwa ujanja, na sheria haimdai mtu jambo asiloweza kulizuia. Mjane asingepata kitu kwangu. Bunduki ingerudi, na nitafute kadena yenye nguvu zaidi. Mtoto, kwa kuwa ni mdogo, alikabidhiwa kwangu nimnyooshe. Watu walicheka kidogo. Mimi pia nilicheka, nadhani. Mjane hakucheka. Hakunitazama hata mara moja. Alimtazama binti yangu, kwa muda mrefu, kama alivyolitazama jike lake lilipokuwa limepiga magoti.

Katika siku ile yote hakuna mtu aliyesema uongo. Nilijiambia hivyo njiani kurudi. Nilijiambia kwa miaka.

Sasa, mtaa wetu ulikuwa mtaa wa kutaniana, na mimi nilikuwa kati ya mabingwa wake. Nilijua jina la utani linavyoanza: mtu mmoja analisema kwenye bomba la maji, wa pili analicheka, wa tatu analisahau lile la ubatizo. Kabla ya mwezi kuisha binti yangu hakuwa Jenerali tena. Walimwita Kadena. "Kadena, fungia mama yako mulango!" "Bamama, mufiche ndizi, Kadena anapita!" Watoto waliimba. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Ndiyo maana haikuzuilika. Naye aliyezoea kunijibu mimi neno kwa neno hakuwajibu. Alipita tu, akiwa ameshika vitabu kifuani.

Ningeweza kuinuka kitini, nikatoka barabarani na kusema: mniite mimi Kadena. Sentensi fupi hivyo. Nilikuwa nikiipima mdomoni kila asubuhi, kama uzi kabla ya kuutia kwenye sindano, na kila asubuhi mteja alikuwa akitokea.

Kisha kule shuleni kwake stoo ya unga ikavunjwa. Kadena ilikutwa chini. Mkuu wa shule hakuuliza darasa zima. Aliita jina moja. Nilipopelekewa habari, mke wangu aliacha kazi, akafunga kitenge, akanisimamia mbele.

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Leo?"

"Niko namaliza hii suruali."

Alienda yeye. Aliporudi binti alikuwa naye, na vitabu vyote, na mfuko wa nguo zake za michezo. Baadaye ilijulikana nani aliiba unga, mlinzi wao wenyewe, lakini hakuna aliyekuja kwetu kusema njoo urudi. Na yeye alisema hataki. "Kule wananijua," alisema. Hakuwa anagombana. Alikuwa anaeleza tu, kama anayesema mvua inanyesha.

Dada yangu alikuwa na meza ya vitambaa katika soko la Ariwara, mbali kule mpakani. Tulikubaliana aende akamsaidie. Lori lilipakia alfajiri kwa kupitia Iga Barrière. Mama yake alimsindikiza. Mimi nilimuaga kwenye barza. Kulikuwa na sare za kwaya za kumaliza kabla ya Pasaka. Alisimama mbele ya cherehani, akaweka mkono mfukoni, akatoa kitu, akakitundika kwenye msumari ambapo nilikuwa nikitundika mita usiku. Ilikuwa ile kadena iliyovunjika. Sijui aliipata kwa nani pale tribinali. Labda kwa mjomba wake.

"Papa, chunga bunduki yako," alisema.

Nilitafuta mzaha wa kumjibu. Nilikuwa na mizaha ya kila kitu. Siku ile nilikosa, na mpaka nikohoe alikuwa amekwisha kupita miyenzi.

Kadena ilibaki pale. Mke wangu alipofagia aliipangusa vumbi. Wateja waliuliza, "Fundi, hii kintu ni ya nini?" nami nilisema ya uzito, ya kushikilia karatasi za vipimo. Bunduki ilikuwa imerudi kabatini chini ya kadena mpya kubwa kama ngumi, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwangu, lakini hakuna aliyeisafisha. Ikashika kutu. Mwindaji alikuja mara mbili kuiazima, nikamwambia inaumwa. Mara ya pili alisimama na baiskeli yake, akiangalia chini.

"Fundi, ile kartushi," alisema. "Nilikuambiaka uangalie."

"Uliniambiaka."

"Silalake muzuri, juu ya ile."

Hata yeye! Mtu ambaye hakufanya kosa lolote ila kuharakisha kwa mtoto mgonjwa, alikuwa amebeba kipande cha mzigo wangu porini na kurudi nacho. Nilimwambia si yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposema kwa sauti kwamba ni yangu, na nilimwambia mtu asiyeongea.

Miaka ikapita, watoto wadogo wakakua. Habari za Ariwara zilikuja na malori: amezoea soko, amejua hesabu za pande zote mbili za mpaka, ameolewa, amepata mtoto wa kike. Mama yake alikwenda mara kadhaa. Mimi nilituma nguo. Nilishona gauni za mtoto kwa kukisia kipimo, na kila mara mke wangu alirudi akisema zimebana.

Mwaka wa mvua nyingi nilipeleka bunduki ofisi ya zone. Nilisema siitaki tena. Karani alishangaa, watu walikuwa wakitoa hongo ili waipate, na huyu anairudisha. Aliniuliza sababu, aandike. Nilisema aandike kwamba mwenye nayo hawezi kuichunga. Akaandika. Ndiyo karatasi ya ukweli pekee niliyowahi kutia sahihi kuhusu bunduki ile. Nilirudi nyumbani na shingo nyepesi, nikauza cherehani ya pili, ile niliyokuwa namfundishia mwanafunzi, nikatafuta mtamba. Nilimpata kwa wachungaji wa njia ya Kasenyi: mweusi. Doa hakuwa nalo. Huwezi kupata yote.

Nilimkokota mwenyewe. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. "Aah, Fundi anatembea! Mumuletee kiti njiani!" Nilipita nyumba tatu hadi kwa mama mjane. Alikuwa amezeeka, chungu alikuwa anabeba mjukuu wake sasa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akisukasuka maziwa apate siagi, kibuyu mapajani.

Nilifunga kamba kwenye mti wa ua wake. Nilimwambia yote, nimesimama. Kwamba ufunguo nilirusha mimi. Kwamba kartushi niliambiwa. Kwamba kadena ilivunjwa kesho yake, mvua ikinyesha, baada ya ng'ombe kwisha kuliwa. Kwamba mtoto hakuiba kitu. Niliongea muda mrefu, na nadhani kuna mahali nililia, ingawa mke wangu anasema mimi hulia kwa urahisi nikiwa nimetembea.

Yeye hakuacha kutikisa kibuyu. Nilipomaliza alimwangalia mtamba, meno, kwato, akaridhika. Akaniangalia mimi.

Nilingoja anisamehe. Nakiri, ndicho nilichokuwa nimekifuata, na nilikuwa nimekwisha kuanza kukitazamia, kama mtu anayesikia harufu ya chakula kwa jirani. Akasema:

"Ngombe nimepokea, Fundi. Lakini miye hukuniharibiaka jina. Unakuya kulia kwangu sababu kwangu ni nyumba tatu. Kwa mutoto wako ni Ariwara, na kule kunaomba kutoka mu kiti."